Kila mbalamwezi orodha inapotea: kisa cha apu ya dagaa pale Kibirizi

Watu wananiuliza kwa nini ile apu tuliyowatengenezea akina mama wa Kibirizi ilichukua karibu mwaka mzima kutulia, wakati ukiitazama ni kitu kidogo tu, unaweka picha ya dagaa, unaweka bei, mteja anaona, anapiga simu, basi. Leo naeleza yote mpaka pale tulipochemsha, maana wengi wakiongelea apu ya kijamii inayofanya kazi kwenye simu zote wanaongelea skrini, skrini kubwa, skrini ndogo, na kwetu skrini ndo ilikuwa shida ndogo kuliko zote.

Kwa asiyeijua Kigoma, Kibirizi ni mwalo wa Ziwa Tanganyika, kaskazini kidogo ya mjini, boti za vijiji vya ziwani mpaka Kagunga kule mpakani na Burundi zinaondokea hapo. Alfajiri dagaa wanashushwa, jua likitoka wanaanikwa. Wanavuliwa usiku kwa taa, taa inawavuta juu na wavu unawafuata, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, ziwa zima linang'aa, dagaa wanatawanyika, wavuvi wanapumzika wanashona nyavu wiki nzima na siku za juu yake. Shika hilo la mbalamwezi, nitalirudia.

Kikundi chenyewe ni akina mama thelathini na kitu, wanaanika na kuuza kwa jumla Tabora, Kahama, Dar. Walikuwa na grupu la WhatsApp na lilikuwa linawachanganya, picha ya mzigo wa leo inazama chini ya salamu za asubuhi, maua, matangazo ya misiba, afu mteja wa Dar anaibuka anang'ang'ania bei ya mzigo uliouzwa juzi. Mwenyekiti wao akaja dukani kwangu Mwanga, hapahapa mjini Kigoma, mimi natengeneza simu na kuandika programu kidogo kidogo, akakaa kwenye benchi akasema, "Mwanangu, tutengenezee kitu kama Facebook lakini cha dagaa tu. Kisiwe na maneno mengi." Nikamwambia, "Mama, hilo dogo, nipe wiki tatu." Hiyo sentensi wananitania nayo mpaka leo.

Nilikuwa na dogo mmoja katoka chuo, mkali kweli, tukaandika apu ya Android. Mawazo yetu ni kwamba kila unayemuona mtaani kashika Tecno au Itel, sasa utahangaika na nini kingine? Siku ya kuipeleka ndo tukajua hatujui wateja wetu wana simu gani. Wenye Android ni kweli walikuwa wengi lakini nusu yao memori imejaa picha na video za kwaya, apu inakataa kuingia mpaka mtu afute kitu, na hakuna aliyekubali kufuta kwaya. Wawili watatu walikuwa na zile Smart Kitochi, zile Vodacom walizileta 2019, zinatumia KaiOS, zina batani na kijiskrini cha nukta 240 kwa 320, apu ya Android huko haiingii hata kwa maombi. Akina mama watu wazima walikuwa na kitochi kabisa, cha sms na tochi. Na wanunuzi wawili wakubwa, wale hasa wanaobeba mzigo, walikuwa na iPhone. Yani tulitengeneza apu ambayo muuzaji mkubwa hawezi kuiweka na mnunuzi mkubwa hawezi kuiona.

Tukabomoa. Mara ya pili tukatengeneza ukurasa wa wavuti, linki moja tu, ukiibonya inafunguka kwenye brauza yoyote, ukitaka unaiweka kwenye skrini ya mbele kama apu. Tukajipongeza. Hapo ndo kisa kinaanza sasa.

Shida ya kwanza ilitoka kwa wenye Opera Mini, na ni wengi, sababu inabana data na bando ni ghali. Sisi tuliweka bei ijibadilishe yenyewe bila mtu kubonya kitu, tulijivunia hilo. Opera Mini ikiwa kwenye ule ubanaji mkali haifungui ukurasa kwenye simu yako, inafunguliwa kwenye seva zao kwanza, yani kompyuta zao kubwa za mbali, unabanwa, afu unaletewa kama picha ya kilichotokea huko. JavaScript, zile amri zinazoubadilisha ukurasa wenyewe, inaenda kidogo tu mwanzoni halafu kimya. Kwa hiyo mama anaangalia bei ya saa moja asubuhi wakati ni mchana, na haoni alama yoyote kwamba ile ni ya zamani. Huo ndo ubaya wake, ingegoma kabisa tungejua mapema. Ilikuwa inafanya kazi nusu. Tukarudi kwenye fomu ya kizamani, unajaza, unabonya tuma, ukurasa unakuja upya, na juu tumeandika bei hii ni ya saa ngapi. Dogo alinuna siku mbili anasema tunarudi mwaka 1999. Nikamwambia kaka, mwaka 1999 unafunguka kwenye simu zote.

Na hapo kwenye saa ngapi tukaangukia shimo jingine.

Siku moja mwenyekiti ananipigia anacheka, anasema apu yako inaonyesha mzigo umeuzwa kabla haujatangazwa. Nikafikiri utani. Nikafungua, kweli, tangazo la saa tatu na dakika kumi, mteja kajibu "nachukua" saa mbili na nusu. Nikahangaika na seva usiku mzima, seva haina kosa. Jibu lilikuja kwa kijana anayeenda na boti Kagunga. Kule simu inanasa mnara wa Burundi, na Burundi wako nyuma yetu saa moja, kama walivyo Kongo upande wa Kalemie na Uvira, simu iliyoachwa ijipange saa yenyewe inajirudisha nyuma bila kukuuliza. Sisi tulikuwa tunachukua saa ya simu ya mtu kama ilivyo na kuihifadhi hivohivo. Dar usingeliona hilo kosa hata miaka kumi. Dawa yake ni ya kitabuni kabisa, saa inahifadhiwa kwenye seva kwa saa ileile ya dunia nzima na kugeuzwa wakati wa kuonyesha tu, nilikuwa naijua siku zote, niliona uvivu kwa sababu si tuko Kigoma wote.

Afu kuna saa yetu wenyewe. Tuliandika mzigo tayari 09:00. Dereva wa fuso akaja saa tisa alasiri! Dagaa wamekaa juani wamepakiwa tangu asubuhi, akina mama wamenuna, dereva anaonyesha simu yake, "si mmeandika tisa nyie?" Na ana haki. Zile programu za kuazima za kupanga tarehe ukiziambia Kiswahili zinakupa jina la mwezi na siku vizuri, lakini namba ya saa inabaki ya kizungu. Ikabidi tuondoe sita kwa mkono na kuandika neno, saa 3 asubuhi, saa 9 alasiri, saa 4 usiku. Mistari kumi ya programu, na kwa akina mama ndo sehemu ya apu wanayoisifia kuliko yote.

Kwa wenye kitochi tukafungua njia ya sms. Unatuma bei na idadi kwa namba moja, mashine inaweka kwenye apu, mteja akijibu kwenye apu wewe unapata sms. Hapa nilikuwa najiamini, sms ni kitu cha zamani, itakosea wapi. Mwisho wa mwezi bili ya sms ikaja karibu mara mbili ya hesabu yangu. Nikamshuku aliyetuuzia huduma, nikampigia kwa sauti ya juu, naye kwa upole akaniambia angalia ujumbe wako kaka. Kumbe ni ng'ambo.

Sisi huku ng'ambo ni neno la kila siku, ndo Kongo hiyo, mzigo wa ng'ambo, mteja wa ng'ambo, boti ya ng'ambo. Sms moja inabeba herufi 160 ukitumia zile herufi za msingi za mfumo wa simu, na kale kaalama kalikonyooka katikati ya ng'ambo kamo humo ndani. Lakini mnunuzi mwenye iPhone akiandika, simu yake inakakunja iwe nzuri, inakuwa ng’ambo, na hako kalikokunjwa hakamo. Ikiingia herufi moja tu ya nje, sms nzima inahamia mfumo mwingine na nafasi inashuka kutoka 160 mpaka 70. Ujumbe wa herufi mia unakuwa sms mbili kwa ajili ya kitu chenye ukubwa wa mguu wa sisimizi. Emoji inafanya hivohivo, sema emoji unaiona. Tukaweka kichujio, alama yoyote iliyokunjwa inanyooshwa kabla ya kutumwa, emoji zinavuliwa. Mteja anatuma moto na ngumi, mama wa kitochi anapata "nachukua gunia 4", na nadhani ndo anachotaka.

Sasa shida iliyonifanya niandike hiki kisa.

Yule mnunuzi mkubwa wa iPhone, yuko Dar, alikuwa na orodha yake ndani ya apu, wauzaji anaowaamini, nani dagaa wake hawana mchanga, nani anamdai, nani kamkopesha. Sisi ile orodha tuliiweka ndani ya brauza ya simu yake, hatukuipeleka seva, kwa nia njema kabisa, mambo ya madeni ya mtu ni yake. Ikapotea. Akalalamika, tukamwomba radhi, tukadhani kafuta mwenyewe. Akaijaza upya. Mwezi uliofuata ikapotea tena. Mara ya tatu akasema kwa hasira, "Kijana, mimi sina muda wa kuandika watu walewale kila mwezi, rudisheni grupu la WhatsApp." Na huyu akiondoka nusu ya akina mama wanaondoka naye.

Tulijaribu kila kitu. Dogo akaazima iPhone ya shemeji yake, akajaza orodha, akaifungua kila siku siku tano, orodha ipo. Akasema mzee anatudanganya. Mimi nikachukua tarehe tatu za malalamiko nikaziweka mbele yangu, hazikulingana, si mwisho wa mwezi, si Jumatatu, hakuna kitu. Mwenyekiti alikuwa amekuja kuchukua simu ya mwanae, akaziangalia kwenye karatasi akasema kama mtu anayesoma majira ya basi, "Hizo si siku wavuvi wanarudi ziwani? Giza linapoanza." Nikamtazama. Akahesabu kwa vidole, tarehe zote tatu ziliangukia pale mbalamwezi inapoisha.

Kwa dakika moja hivi nilihisi nimerogwa.

Halafu ikanijia. Tangu 2020 Safari, brauza ya Apple iliyomo kwenye iPhone, ina sheria moja ya kuzuia makampuni ya matangazo yasikufuatilie, kama unatumia brauza yako siku saba bila kuigusa tovuti fulani, vitu ambavyo hiyo tovuti ilivihifadhi humo kwa JavaScript vinafutwa. Sheria nzuri, siibishii. Lakini mnunuzi wetu wakati wa mbalamwezi anaingia kufanya nini? Hakuna mzigo. Anasoma magazeti, anaangalia mpira, Safari inahesabu siku, ya saba inafagia. Giza likirudi anafungua apu, peupe. Dogo hakuweza kuliona kosa kwa sababu alikuwa anaifungua kila siku kuhakikisha kama ipo. Kosa lilikuwa linahitaji usiliangalie ili litokee!

Na ile sheria inaiacha tovuti uliyoiweka kwenye skrini ya mbele kama apu. Angeiweka pale, pengine tusingejua kamwe. Tukamwelekeza aiweke, na tukaihamishia orodha seva kwa nywila yake mwenyewe. Hapo napo kulikuwa na mtego, ile ya skrini ya mbele na ile ya ndani ya Safari kwa iPhone zina hifadhi mbili tofauti, kwa hiyo alipoiweka ikamtaka aingie upya, akapiga simu tena, "imepotea tena kijana." Nilimwambia, "Mzee wangu, hii mara ingia tu, kila kitu kipo." Kilikuwepo. Nilipumua.

Baada ya hapo nikakaa na dogo tukajiuliza ni nini hasa kinachotakiwa kuwa kilekile kila mahali. Tukakata mpaka vikabaki vinne, nani, kitu gani, bei, saa ngapi. Hivyo vinakaa seva na vinafanana ukivisoma kwa iPhone, kwa Opera Mini, kwa sms. Mengine yote tukaacha kila simu iwe na tabia yake, picha kubwa kwa anayeweza, picha ndogo kwa KaiOS, maneno matupu kwa kitochi. Mimi naona tulianzia juu wakati tulitakiwa kuanzia kitochi kwenda juu, kitu kikishatosha kwenye herufi 160, kukipamba kwenye Android ni kazi ya wiki. Kukibana kutoka Android kwenda kitochi ndo ilitula mwaka.

Ugomvi huu ni wa zamani. Novemba 2007 Google walitoa OpenSocial wakiwa na MySpace, hi5, Friendster, LinkedIn, Orkut yao wenyewe na wengine, wazo ni uandike apu ya kijamii mara moja iende mitandao yote, Facebook wao walikuwa wameshafungua ya kwao Mei mwaka huohuo na hawakuingia. Walioandika apu enzi hizo wakakuta wameandika mara moja lakini wanatafuta makosa kwenye kila mtandao peke yake, maana kila mmoja alitekeleza sehemu anayoitaka kwa namna anayoijua. Orkut ikafungwa 2014, kazi ya OpenSocial ikahamia W3C, shirika linalopanga viwango vya wavuti, na huko Januari 2018 wakapitisha ActivityPub, ile inayotumiwa na mtandao wa kijamii wa Mastodon, ambayo haihangaiki kabisa na apu kuonekana sawa, inasema tu ujumbe ukitoka kwa fulani uwe na umbo gani na uingie kwenye kikapu cha nani. Nilipoisoma nilicheka, nani, nini, kwa nani, lini.

Kuna kitu kimoja cha OpenSocial lakini nilikiiba. Walitenganisha mwenye ukurasa na anayeutazama. Sisi tuliona simu ni mtu. Kibirizi simu siyo mtu, simu moja inashikwa na mama, binti yake, na jirani ambaye yake imeingia maji. Binti anajibu "sawa" kwa niaba ya mama, bei inashuka, nyumbani kunawaka moto. Sasa anayeshika simu anaweza kuona na kuweka picha, ila kukubali bei lazima iingizwe namba ya siri ya mwenye mzigo. Kwenye kitochi anaiandika mwisho wa sms. Si salama sana, naijua hiyo, sms inabaki kwenye simu na namba ya siri ndani yake, tunawaambia wafute, wengine wanafuta.

WhatsApp hatukuiondoa, ilikuwa ujinga kutaka kuiondoa. Kuna wenye bando la WhatsApp peke yake, linki yetu kwao haifunguki hata ufanyeje. Kwa hiyo kila mzigo una linki yake, ukiitupa kwenye grupu inatokea na picha ndogo na bei humohumo kwenye maelezo ya linki, mtu anasoma bila kubonya, na chini ya tangazo kuna batani inayofungua maongezi na muuzaji na maneno tayari yameandikwa. Tulijifunza picha ya linki iwe nyepesi sana, ikiwa nzito WhatsApp inaleta maandishi matupu. Mauzo mengi bado yanamalizikia kwenye sauti za WhatsApp na mimi sina kinyongo.

Ziwa lilipofungwa watu wasivue miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia 15 Mei, apu ilikaa kimya kama kaburi, na hapo ndo nilipata usingizi kwa sababu orodha ziko seva. Lilipofunguliwa Agosti yule mzee wa Dar akanitumia picha ya skrini yake, majina yote yapo, bila neno lolote, kadole gumba tu.

Kilichobaki kinachonishinda ni picha kwa wenye kitochi. Mama mmoja pale chanja za mwisho dagaa wake ni wasafi kuliko wa wote, na mnunuzi haoni, anaona "gunia 6, hawana mchanga" kama wanavyoandika wenye mchanga pia. Kwa sasa binti wa jirani anampigia picha kwa simu yake na kuiweka chini ya jina la mama, analipwa kisado kwa wiki. Dogo anasema hiyo si teknolojia. Mimi nimeiwekea batani.